Goma: Tuache Kuhesabu Robine, Tuhesabu Saa za Maji

Kila maji yanapokatika Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, mazungumzo hupita njia ileile. Wakubwa wanaahidi robine mpya za barabarani za kuchotea maji, mashirika yanatangaza idadi ya robine yaliyojenga, na sisi wakaaji tunauliza mtaa wetu umeandikiwa ngapi. Ilikuwa hivyo tena mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, laini ya umeme ikakatika, pampu zikasimama, na watu wakateremka na bidoni, yaani madumu, hadi ziwa Kivu. Ikawa hivyo mwaka uleule, Marekani ilipokata misaada yake na baadhi ya vibanda vya maji vilivyokuwa vikijengwa huku mashariki vikaachwa nusu, watoto wakavigeuza mahali pa kuchezea. Mara zote mbili maelezo yaliyokubalika upesi yalikuwa haya: vita vimetuvunjia maji, na msaada uliokatwa umetunyima robine. Naona maelezo hayo yanakosea penye uzito. Robine za barabarani za Goma hazikuanza kukauka mwaka 2025, na uchache wake ni sehemu tu ya ugonjwa. Tumezijenga maafa hadi maafa, tukazihesabu kwa idadi, na hatukumtwika yeyote dhamana ya kusema zitatoa maji saa ngapi kwa siku.

Mgeni akifika hapa hushangaa kuona mji ulio ukingoni mwa ziwa kubwa ukiwa na watu wanaozunguka na bidoni tupu. Asiyeijua ardhi yetu atashangaa kweli. Goma imekaa juu ya lava. Mto haupo, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanazama katika nyufa za mawe na kupotea. Kuchimba kisima ni kupigana na mwamba, kama ilivyo kuchimba choo au mtaro wa bomba, na maji ya chini ya ardhi katika ukanda huu wa volkano mara nyingi hubeba floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Linabaki ziwa, na ziwa liko chini ya mji. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Uwanja wa ndege uko mita 1,551, na mitaa ya kaskazini ya komuni ya Karisimbi inaendelea kupanda kuelekea mlima wa volkano wa Nyiragongo. Kila tone linalotoka kwenye robine ya huko limesukumwa na mashine.

Hesabu yake si ngumu. Kuinua lita 1,000 kutoka ziwani hadi usawa wa uwanja wa ndege kunakula karibu robo ya kilowati-saa, hata tukidhani mashine haipotezi kitu njiani, na hakuna mashine ya namna hiyo. Kwa bidoni moja ni kitu kidogo sana. Lakini chukua watu milioni moja, na Goma imeshapita hapo, uwape lita 15 kila mmoja kwa siku, kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukitumia kambini. Hizo ni mita za ujazo 15,000, na umeme usiopungua kilowati-saa 3,500 kila siku, kabla hujahesabu mitaa iliyo juu zaidi wala maji yanayovuja. Kwa hiyo robine ya Goma ni mwisho wa waya wa umeme kama ilivyo mwisho wa bomba. Sehemu kubwa ya umeme huo tunaupata kwa laini zinazotoka mbali: mtambo wa Matebe kule Rutshuru, uliozinduliwa 2015, na mitambo ya Ruzizi kupitia Bukavu. Anayezindua robine bila kusema pampu yake itakula umeme gani laini ikikatika, amezindua saruji.

Historia yenyewe ilianza na ubaguzi ulio wazi. REGIDESO, shirika la maji la serikali, iliundwa kwa dekreti ya Desemba 1939, wakati wa ukoloni, ikiwa na kazi ya maji na umeme pamoja. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji bomba la ndani ya nyumba lilikuwa la mtaa wa Wazungu, na mtaa wa Waafrika ulipewa robine ya pamoja. Robine ya barabarani ilizaliwa ikiwa maji ya daraja la pili, na ingawa uhuru ulibadilisha wenye nyumba, mpangilio ule ulikaa. Mitaa iliyo karibu na ziwa, yenye viwanja vikubwa, ina mabomba. Birere, Mabanga, Katoyi na Ndosho zilijaa watu kuliko mabomba yalivyoweza kuwafuata, na katika mitaa hiyo robine ya pamoja ndiyo ikawa maana yenyewe ya maji.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katikati ya Julai wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na wengi walipelekwa juu ya lava, mahali kama Kibumba ambako hakuna chanzo chochote cha maji. Katika wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa hayakufika hata lita moja kwa mtu kwa siku. Kipindupindu kikaingia, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Hapo ndipo Goma ilipojifunza namna ya maji ambayo haijaiacha mpaka leo: mashine za kusafisha maji kando ya ziwa, malori ya tanki, matangi ya turubai, safu ya robine kwenye fremu ya chuma, na jina la mfadhili ubavuni. Kazi ile iliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini ilikuwa kazi ya dharura, yenye fedha za dharura, na dharura ilipokwisha kwenye karatasi za wafadhili mji ulibaki na vifaa bila mtu aliyepangiwa kuvitunza.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikifunika zaidi ya sehemu ya kumi ya Goma pamoja na sehemu ya njia ya ndege. Mabomba yakaungua, wafadhili wakarudi, robine zikajengwa upya. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudia; safari hii lava ilisimama Buhene, kabla ya kuufikia uwanja wa ndege, lakini ilikuwa imeshaharibu mabomba na tangi, na takriban watu nusu milioni wakakosa maji. Wafadhili wakarudi. Katikati ya maafa hayo zilikuwapo juhudi za utulivu zaidi, kama mradi wa IMAGINE ulioendeshwa na shirika la misaada la Mercy Corps kwa fedha za Uingereza huku Goma na Bukavu, uliojaribu kujenga mtandao na utawala wake kwa pamoja. Sheria ya maji ya Desemba 2015 nayo ikaondoa ukiritimba wa REGIDESO, na milango ikafunguka kwa waendeshaji wengine. Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kufikiri mbele. Ila uzito wa fedha umefuata maafa kila mara, na fedha ya maafa hupenda kitu kinachoweza kupigwa picha, na robine inapigika vizuri.

Robine yenyewe ukiitazama kwa karibu inakuambia habari yote. Kuna sakafu ya saruji, ukuta mfupi, robine nne au sita, na kisanduku cha chuma kinachofunika mita. Mlinzi wa robine ana ufunguo wa valvu, daftari, na mfuko wa noti za franka zilizolowa. Bidoni za manjano zimepangwa mstari tangu alfajiri, nyingine zimefungwa kamba moja kwenye mishikio ili zisitawanywe, na pale ambapo mtu hana bidoni ya ziada ya kuacha kwenye mstari, jiwe la lava linamshikia nafasi. Vifuniko vingi vimeshapotea, mfuko wa plastiki uliosokotwa ndio unaoziba. Mabinti ndio wengi, na wamama. Wavulana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanasimama pembeni wakingoja kubeba kumi na zaidi kwa mpigo. Halafu bomba linakohoa hewa, watu wote wanasimama, na pengine linakohoa tu na kunyamaza. Kwenye ripoti ya mradi, robine hiyo imehesabiwa kuwa inahudumia mtaa. Viwango vya dharura vinavyotumika duniani vinasema watu wasizidi 250 kwa robine moja, na foleni isizidi dakika 30. Lakini kipimo cha watu 250 kina maana pale tu maji yanapotoka. Robine sita zinazotoa maji saa mbili kwa siku hazifikii kazi ya robine moja inayotoa mchana kutwa, kwa sababu katika zile sita hakuna anayeweza kupanga siku yake.

Kuhusu afya, ushahidi mzuri uko hapa jirani. Utafiti uliofanywa katika mji wa Uvira na kuchapishwa 2015 uliweka kando kwa kando rekodi za maji ya bomba na rekodi za wagonjwa wa kituo cha kipindupindu kwa miaka kadhaa. Baada ya siku ambayo bomba halikutoa maji, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Mabomba yalikuwapo, robine zilikuwapo, idadi yake haikubadilika kati ya siku njema na siku mbaya. Kilichobadilika ni saa za maji. Kwa Goma somo ni lilelile: bomba likinyamaza, mtu anateremka Kituku au ufuo mwingine, na akibahatika atamkuta kijana wa kujitolea mwenye bomba la sindano akitia klorini ndani ya kila bidoni. Nawaheshimu vijana wale sana. Lakini mji unaolindwa na bomba la sindano umeshakubali kwamba mtandao wake haupo.

Wanaopenda historia ya maji hukimbilia London ya 1854, pale daktari John Snow alipoifuata kolera ya Soho hadi kwenye pampu ya Broad Street na mkono wa pampu ukang'olewa tarehe 8 Septemba. Ni kisa kizuri, na kinasimuliwa kana kwamba kung'oa chuma kimoja kuliponya mji. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua watu walipokimbia mtaa. Kilichobadilisha London polepole ni mambo yasiyosimulika kwa utamu: sheria ya 1852 iliyozilazimisha kampuni za maji kuchuja maji na kuacha kuyateka sehemu chafu ya mto Thames, halafu sheria ya 1871 iliyodai maji yatoke muda wote badala ya saa chache kwa siku. Saa za maji zilikuwa jambo la sheria, na kampuni zilizipinga kwa miaka mingi.

Sasa hoja za upande mwingine, na zipo nzito. Ya kwanza inasema robine ya barabarani ni aibu ya kikoloni, tuiache tujenge mabomba ya nyumbani. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 48, inadhamini haki ya maji ya kunywa, na sioni popote palipoandikwa kwamba haki hiyo inaishia kwenye kona ya avenyu. Bomba la nyumbani linaokoa muda wa mabinti, tena maji yake ni nafuu. Lita 1,000 ni bidoni 50 za lita 20. Tuseme bidoni inauzwa franka 100 kwenye robine: mita ya ujazo imeshakuwa franka 5,000. Ikibebwa na chukudu hadi mlangoni na kuuzwa 300, ni 15,000. Katika miji mingi ya Afrika asiye na bomba hulipa kila lita zaidi ya mwenye bomba, na Goma haijitofautishi. Naikubali hoja hiyo kama mwisho wa safari. Tatizo ni kwamba wakaaji wengi wa mitaa ya juu ni wapangaji, mwenye nyumba haoni faida ya kulipia mtaro unaochongwa katika lava, na mtandao usio na msukumo wa kutosha kwa robine moja hautakuwa nao kwa mabomba 40. Ukiongeza mabomba bila kuongeza maji na umeme, walio chini karibu na ziwa watayanywa yote kabla hayajapanda.

Hoja ya pili ni ya wanaosema kila mtu alipe gharama kamili, maana maji ya bure ndiyo yaliyoua mitambo. Wana nusu ya ukweli. Robine isiyoingiza franka haina pesa ya kubadilisha vali, na nimeona robine iliyokufa kwa kukosa kipuri cha bei ya bidoni chache. Lakini waangalie KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2000, jamii zilizo karibu na Empangeni, zilizozoea robine za bure, ziliwekewa mita za kulipia kabla. Walioshindwa wakarudi mitoni. Kipindupindu kilichoanza Agosti mwaka ule kiliwapata watu zaidi ya 100,000 katika jimbo, na wengi waliouchunguza mlipuko huo wameuhusisha na uamuzi ule. Mwaka uliofuata nchi ikaanza kutekeleza sera ya lita 6,000 za bure kwa kila nyumba kwa mwezi. Pesa iliyookolewa kwenye robine ilitumika hospitali. Kwa hiyo bei ni lazima iwepo, lakini isimfikishe mama mahali pa kuchagua kati ya robine na ufuo, na tofauti ilipwe na wanaotumia maji mengi: hoteli, viwanda vidogo, nyumba za ukingoni zenye bustani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: maji ni ya Mungu, ziwa hili hapa, anayetoza ni mwizi. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa Mji Mkongwe maji ya chemchemi bila malipo, na bado anasifiwa. Lakini yalilipiwa, na mlipaji alikuwa hazina ya sultani, iliyojaa ushuru wa forodha na karafuu. Ziwa ni bure pale chini kwenye mawimbi. Juu Ndosho ni ziwa pamoja na umeme, klorini, chuma na mshahara. Anayesema bure bila kumtaja mlipaji anamtaja mfadhili kimyakimya, na mfadhili huyo tumeona mwaka 2025 jinsi anavyoweza kuondoka kwa sahihi moja. Tena hoja hii inawafaa sana wachuuzi wakubwa wa tanki: robine ya umma ikikosa kipato na kufa, wao hawatoi kitu bure.

Vipi basi kuhusu vita? Sitaki kuonekana napuuza yaliyotupata. Laini ya umeme ilikatwa na mapigano, na mashirika yalilazimika kuleta mafuta ya jenereta ili pampu zirudi. Hakuna mhandisi anayejenga mtandao usiodhurika kwa bomu. Lakini tofauti ya mji unaokosa maji siku ya kwanza na mji unaokosa siku ya tano ni matangi yaliyo juu, jenereta yenye mazutu (dizeli) yaliyonunuliwa kabla, na paneli za jua kwenye pampu ndogo. Vitu hivyo havikuwapo vya kutosha kwa sababu havihesabiki kama robine. Tangi lililozikwa kilimani halikatiwi utepe, na mapipa ya mazutu hayawezi kuandikwa jina la balozi.

Tukikubali kwamba kipimo ni saa, mambo kadhaa yanageuka. Anayeendesha maji, awe REGIDESO, mwendeshaji binafsi au kamati ya mtaa, na awe chini ya mamlaka yoyote inayoshika mji, atapaswa kubandika kwenye kila robine saa za maji za wiki, bei ya bidoni, na namba ya simu ya mtu anayejibu. Wakaaji wataweza kusema robine yetu iliahidiwa saa sita ikatoa mbili, na hilo ni shtaka. Kusema tu kwamba hatuna maji ni kilio, na vilio tumezoea kuvisikia. Mfadhili naye atalazimika kulipia umeme na akiba ya mafuta kabla ya saruji, na taarifa yake ya mwaka itaandika saa zilizotoka katika mwezi mbaya kuliko yote, siyo idadi ya vibanda siku ya uzinduzi. Mlinzi wa robine, ambaye leo anaishi kwa mabaki ya noti zilizolowa, atalipwa kwa kazi ya kuandika saa hizo kwenye daftari lake, maana hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho, na yeye yupo pale tayari.

Na vile vibanda vilivyoachwa nusu, atatokea tu mtu wa kuvimalizia, pengine kabla ya uchaguzi au baada ya mlipuko mwingine wa mlima. Mtaa utakaofikiwa ungeuliza mambo matatu kabla ya kushangilia: maji yatapandishwa kwa umeme wa nani, laini ikikatika yatatoka siku ngapi, na nani atalipa pampu ikiungua. Majibu yasipopatikana, afadhali pesa hiyo ikanunue tangi na jenereta kwa robine zilizosimama kavu mtaa wa pili.